Jiwe la Debora Bado ni Tupu

Mama, mwaka umetimia tangu ututoke, na jiwe la kaburi lako bado halina jina. Kabla hujafoka, tusikilize kwanza. Tumechoka.

Baba alitaka liandikwe Debora, jina walilokubandika wateja. Mama Mkubwa akasema mdogo wake hakuzaliwa na wateja, liandikwe alilopewa na wazazi wao. Tangu mazishi hawasemezani. Mimi kitinda mimba wako ndiye tarishi. "Mwambie baba yako." "Mwambie mama yako mkubwa." Miguu imeisha, Mama.

Ungekuwepo ungewaita chumba cha cherehani. Wagomvi ulikuwa huwaulizi kitu. Ulimpa kila mmoja pembe ya kitambaa cha pazia ashike ukikata. "Usivute. Usilegeze. Na mdomo ufunge, mkasi unafikiri." Ukimaliza, mikono imekufa ganzi na hasira zimeishia hewani. Ndipo wakakuita kwa jina la yule mwamuzi wa Israeli, aliyekaa chini ya mtende watu wakimpelekea kesi zao.

Ulilipenda. Ulitufundisha kwamba kwa Kiebrania Debora ni nyuki. "Watu wakisikia nyuki wanawaza asali," ulisema, "mwiba wanausahau." Nikakwambia wapo wanaolihusisha na neno la kunena, na hapo ndipo walipokupatia. Ukanirushia rula.

Ila ulichompendea Debora mwenyewe hasa ni kwamba Baraka, mkuu wa jeshi, aligoma kwenda vitani bila yeye, naye akanyanyuka wakaenda wote. Nawe hivyo hivyo. Mtu akisema anaogopa kwenda hospitali, au kwa wakwe, ulikuwa umeshavaa kandambili.

Siku hizi kila mtu anakwenda peke yake. Dada anashona mpaka anasinzia juu ya meza. Baba anazima redio kabla ya taarifa ya habari, eti inamchosha.

Juzi fundi wa mawe kanipigia. "Kijana, kwenu mko sawa? Mwaka mzima kimya, leo nimepata maagizo mawili. Baba yako anataka jina la kuzaliwa. Mama yako mkubwa anataka Debora. Nishike lipi?"

Kumbe kila mmoja alishasalimu amri bila kumwambia mwenzake! Nilipomweleza Baba, akachukua simu mwenyewe.

"Shemeji, liwe hilo lako."

"Hapana, shemeji. Mwenyewe alilipenda hilo lenu."

Wakaongea mpaka simu ikazima. Mwisho wamekubaliana yaandikwe yote mawili. Lipi litangulie, hapo wamegombana upya, kila mtu akipigania la mwenzake. Hawajamaliza. Lakini leo asubuhi Mama Mkubwa amekuja, ameketi jikoni na Baba, na sijatumwa popote.

Unakumbukwa na mumeo, dada yako, binti yako aliye kwenye cherehani, na mimi mpiga domo wako. Kukusahau hatutaweza, Mama, hata tukichoka vipi.