Nukta ya Buluu Pembeni mwa Duara

Jumatatu, 5 Agosti 1996. Kimulot.

Kilo kumi na nane za majani ya chai kabla ya saa nne. Dada yangu Chebet kachuma mara mbili yangu, na hakukosa kunitania: vidole vya chuo kikuu. Mikono inawaka. Mama bado amelazwa hospitali ya Kaplong. Uvimbe tumboni. Atapasuliwa Alhamisi asubuhi. Ameomba kitu kimoja tu, binti zake wawili wawepo anapoingizwa.

Alasiri, galaksi yangu, ile ya tasnifu. Setilaiti iliona kitu kiking'aa kwa eksirei kupita kiasi katika mkono wake mmoja. Kazi yangu ni kukitafuta kitu hichohicho kwenye picha ya mwanga wa kawaida. Nimelaza ramani ya eksirei, iliyochapwa kwenye plastiki, juu ya picha. Duara dogo linaonyesha eksirei zinakotoka. Ndani yake nukta moja, nyekundu. Ndiyo hiyo! Moyo unaniambia ni shimo jeusi linaloila nyota jirani.

Jumanne, 6 Agosti

Kericho. Faksi imeenda, na mahali pa nukta nyekundu ndani yake. Profesa anayenisimamia, kule Uingereza, amenipatia nusu saa ya darubini kubwa, Ijumaa. Orodha ya kulenga inafungwa kesho kutwa, adhuhuri. Hakuna nafasi nyingine hadi mwakani, na ufadhili wangu unaisha Desemba. Nusu saa hiyo ndiyo tasnifu yangu. Nimerudi nyumbani mwepesi. Nimepika huku naimba.

Jumatano, 7 Agosti

Mvua ya mawe mchana. Kabla yake, aibu. Huwa tunalaza fimbo juu ya michai, tunachuma kilichochomoza tu. Yangu niliilaza kwa kufuata kichaka kimoja, na kichaka chenyewe kilikuwa kimeruka juu kuliko vingine. Mstari mzima nimeuharibu. Chebet akafoka: “Wewe unafuata kichaka kimoja? Si uangalie line yote!”

Nilisimama na kikapu mgongoni. Ramani yangu niliipanga kwa nyota moja. Ile angavu ya pembeni. Kwa uvivu tu. Na picha ile ilipigwa kabla sijazaliwa. Nyota za karibu husogea miaka ikipita.

Saa kumi na moja. Nimepanga upya kwa nukta nne hafifu za mbali. Zote zinakubaliana. Ile nyota angavu ndiyo iliyohama. Duara limeiacha nukta nyekundu. Pembeni mwa duara sasa kuna nukta ndogo, inayoonekana tu kwenye picha iliyopigwa kwa mwanga wa buluu. Darubini nimeielekeza mahali pasipo pake. Mjinga mimi.

Posta imeshafungwa. Kesho asubuhi ni ya Mama.

Alhamisi, 8 Agosti

Chebet, kwenye lami: “Sasa hizo nyota zako ndio mgonjwa?” Yeye akashika njia ya Kaplong, mimi ya Kericho.

Foleni posta. Laini ilikataa mara mbili. Faksi ya kusahihisha ikapita saa tano na dakika arobaini.

Nilifika hospitali saa tisa. Mama alikuwa ametoka kupasuliwa, amelala, midomo mikavu. Chebet aliniambia Mama aliuliza niko wapi. Mara mbili. Kisha Chebet akatoka nje. Naona haya. Na nadhani ningefanya vilevile tena. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Jumatatu, 19 Agosti

Mama yuko nyumbani. Faksi ya Profesa imefika. Walilenga mahali papya nilipotuma. Nukta ya buluu ndiyo inayotoa eksirei. Lakini si ya galaksi yangu. Ni kiini kinachowaka cha galaksi nyingine, mbali sana nyuma yake, vimekutana tu machoni petu. “Kazi safi,” ameandika. “Iondoe kwenye orodha ya vitu vya galaksi yako.”

Nimeiondoa. Mstari mmoja wa kalamu. Nililia kidogo zizini.

Jumatano, 21 Agosti

Jua la asubuhi. Mama alikuwa ameketi mlangoni na uji wake. Akauliza kama nilikipata kile nilichokikimbilia Kericho. Nilitaka kudanganya. Nikamwambia nilikipata, ila si cha pale. Nilichokiendea hakikuwepo.

“Na kama hungeenda?”

“Ningeandika uongo, Mama. Bila kujua.”

Alikunywa uji hadi ukaisha. Hakusema amenisamehe, nami sikuomba. Kisha akanyoosha mkono nimwinue. Mama ni mwepesi kuliko nilivyodhani.