Ukanda wa Nyasi wa Baba

LaVonne, pokea simu basi!

Kile kiti cha bodi ya wilaya ya kuhifadhi udongo na maji nimekishinda kwenye uchaguzi jana. Usinipongeze.

Asubuhi hii kaka yangu Orrin kaingiza trekta, kaulima ukanda wa nyasi. Ule ule! Aliouotesha marehemu Baba mteremkoni, juu ya nyumba yangu, ili mvua isibebe udongo wa shamba. Ule wa kwenye mabango yangu ya kampeni!

Nikatoka mbio na malapa. Hata injini hakuzima.

"Nenda kanishtaki kwenye bodi yako, mheshimiwa."

Mheshimiwa! Mimi, dada yake!

Nikamwambia, "Baba angelia."

Akanijibu, "Umezunguka wilaya nzima kunitangaza kuwa mimi ndiye mharibifu wa ardhi."

Shoga, kwenye kampeni sikumtaja hata mara moja.

Sasa mvua imeanza. Nimesimama dirishani, udongo wa Baba unapita mlangoni kwangu kwenda mtoni.