Ni Estate Gani Itamlipia Shangazi Kodi?

Machakos, Ijumaa, Agosti 2007. Mawingu tangu asubuhi na manyunyu yasiyoisha. Nimevaa sweta ya shule nyumbani kwa sababu ndiyo nzito kuliko zote.

Wacha nianze na kitu ambacho sijamwambia mtu yeyote. Tangu shangazi Ndunge afariki kule Uingereza, nimekuwa nikimkasirikia. Si kwa kufa. Kwa kutuachia nyumba.

Shangazi alikuwa nesi huko. Hakuwa na mume wala mtoto, kwa hivyo aliandika kwamba nyumba yake iende kwa mama yake, yaani susu, nyanya yangu. Susu hajawahi kupanda ndege na jina la huo mji humshinda kutamka. Yeye anaishi Mitaboni, kwa shamba lenye matuta ambayo alichimba na marehemu babu, jembe kwa jembe. Kila likizo mimi huenda kulala kwa kitanda chake.

Mwezi uliopita wakili wa huko alimpigia Baba simu. Baba ni fundi wa kuchomelea vyuma. Kiingereza chake kinatosha wateja, hakitoshi mzungu mwenye haraka. Akanipa simu. Kwetu mimi ndiye hutumwa Kiingereza, vile watoto wengine hutumwa chumvi.

Wakili akasema kuna kodi ya urithi. Niliposema "kodi", susu, aliyekuwa kwetu siku hiyo, akauliza kumbe Ndunge alikuwa amepanga tu, nyumba haikuwa yake? Nikamweleza si kodi ya landilodi, ni ya serikali. Halafu nikawaambia vile nilisikia kwa masikio yangu: estate ndiyo italipa.

Anko Mutua, ndugu ya Baba anayefanya kazi Athi River, alicheka mpaka akaweka kikombe chini.

"Estate ilipe kodi? Hii yetu imeshindwa kumlipa soja wa geti. Ama huko majirani hufanyia maiti harambee?"

Hata mimi nikaona ni upuzi. Kwetu estate ni mtaa, hizi nyumba zetu za geti moja na kamba za nguo.

"Mwende amesikia vibaya," anko akasema. "Mgeni akirithi kwa nchi ya watu, ni yeye hulipa. Unafikiri mzungu atakuachia nyumba ya bure?"

Ningeuliza wakili tena. Sikuuliza. Mimi hata darasani nikijua jibu huangalia dawati.

Basi ili hiyo kodi ipatikane, Baba akatafuta mtu wa kununua sehemu ya chini ya shamba la susu, ile ya karibu na mto. Huyo mtu akaja na viatu vyake safi, akapita katikati ya maharagwe ya susu kama ni barabara. Susu alingoja aondoke, ndipo akasema, "Mtoto wangu amelala kwa mchanga wa wenyewe. Sasa na wangu mnauchukua." Jumanne ijayo angepelekwa kwa bodi ya ardhi aweke kidole gumba.



Leo wakili amepiga tena, anataka nakala ya kitambulisho cha susu. Baba akaweka simu kwa spika juu ya meza, nikatafsiri. Mzungu alipoanza kuaga, nikasikia sauti yangu mwenyewe ikimuuliza: samahani, ni estate gani italipa?

Nikajua sasa nimejiaibisha mpaka ng'ambo.

Kisha akaniuliza pole pole, mimi nafikiri ni ipi. Nikamwambia: mtaa aliokuwa akiishi. Hakucheka. Akanieleza kwamba kwa sheria, estate ya mtu ni vitu vyote alivyoacha: nyumba, pesa za benki, hata gari. Kodi inatoka kwa vitu hivyo. Kinachobaki ndicho kinamfikia susu. Hakuna mtu Kenya anatakiwa kutuma hata shilingi.

Nikashika meza nikamuuliza tena: na kwa vile sisi ni wageni? Akasema wanaangalia shangazi aliishi wapi na nyumba iko wapi, si pasipoti ya mrithi. Hata susu angekuwa Mwingereza, kodi ingekuwa ile ile. Ya Kenya akasema hajui, tuulize hapa.

Baba hakumaliza chai. Alivaa koti akaenda kwa wakili mmoja karibu na korti, akarudi na mvua kichwani akitabasamu. Hapa hakuna kodi ya urithi.

Akampigia mnunuzi, akamwambia hakuna shamba. Akampigia anko. "Mutua," akasema, "ile estate imelipa." Kisha akanipa simu nimweleze susu, kwa Kikamba, mara mbili. 

"Haya," susu akasema. "Sasa mwambie huyo wa viatu arudi apande maharagwe yangu."

Nimecheka, halafu nikaingia chumbani nikalia kidogo. Mwili ni mwepesi kama mtu aliyetua mtungi.

Kumbe shangazi alikuwa ameacha hata pesa ya kodi. Na mimi wakati huo wote nilikuwa nikimnunia.

Naandika hii kwa kitabu kwanza, nitaichapa kesho kwa kompyuta za saiba. Nasikia viatu vya Baba kwa korido. Siku zingine ningekuwa nimeshaweka mto juu ya ukurasa.

Leo mto uko kitandani. Wacha asome, hata pale mwanzo, penye dada yake.

Amebisha. Nimesema karibu.