Korongo Aliyewekewa Boyan

Suzhou, siku za Theluji Kubwa

Mdogo wangu mpendwa Boyan,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini hamjambo nyote huko Beijing, wewe na wifi Jingmei, na kwamba kikohozi cha mtoto kimepoa. Mimi ni mzima, ila vidole vimepasuka kwa baridi. Baba anakula uji wake wa wali vizuri, na jana alinigombeza kwamba nimetia tangawizi ya kutosha kuua panya. Ulimi wake haujaugua hata kidogo.

Kama nilivyokueleza kwenye telegramu, ile picha ya ndege wa aina tano iliyoagizwa na ukoo wa Ge, kila aina ikiwa mfano wa uhusiano mmoja wa watu, ilisimama tangu Baba alipopata kiharusi na mkono wake wa kulia ukafa ganzi. Alikwisha kumchora ndege wa kifalme kwa ajili ya mtawala na watu wake, bata wawili wa mume na mke, na yule ndege wa manjano wa marafiki. Ndege wadogo watikisa mkia, ambao ni ndugu, akanipa mimi. Korongo, ambaye ni baba na mwanawe, akasema asiguswe mpaka uje wewe.

Sitakuficha, niliumia. Nani anamwosha Baba? Nani anamsagia rangi? Nilijikaza nikamwomba anipe korongo yule, akanijibu kwa upole, na upole wenyewe ndio ulionichoma, kwamba mimi ni binti yake mzuri, lakini korongo ni wa mtoto wa kiume. Shangazi Tao wa jirani, ambaye hapitwi na neno, akaangua kicheko: “Mwenye korongo yuko Beijing, mama! Wewe kaoshe brashi.” Nikaenda kuziosha.

Kisha likaja jibu lako, kwamba una maonyesho na utakuja baada ya mwaka mpya. Nilipomsomea, Baba alisema, “Maskini Boyan, kazi zimemwelemea.” Mimi chai ikipoa tu, nasemwa mpaka jioni. Naam, ni wivu. Nimekuonea wivu miaka mingi na nikaumeza, lakini safari hii uligoma kushuka.

Kwa hiyo nilimchora mimi. Baba akilala baada ya chakula cha mchana, nilikuwa naitandaza hariri ya ile picha na kuendelea. Korongo mkubwa nikamsimamisha chini ya msonobari, mdomo wazi, akiita. Mdogo nikamweka kwenye matete, ameinua shingo kumwitikia. Nyeupe niliipaka kwa nyuma ya hariri ili manyoya yatoke laini. Boyan, sijawahi kuchora kitu kizuri hivyo, wala wewe hujawahi.

Nilipomaliza nikampelekea. Macho yake sasa yanaona ukungu, akainama hadi pua ikakaribia kugusa hariri. Nilisubiri anifokee. Nilitaka hata anifokee, mradi ajue ni mimi. Badala yake alianza kulia. “Boyan amerudi!” akasema. “Huu ni mkono wake. Shingo hii nani mwingine anaijua? Yuko wapi mtoto huyu, mbona haji kunisalimu?”

Shingo ile nilikufundisha mimi, nimekushika mkono, na wewe una uji kidevuni.

Nilifungua mdomo nimwambie. Lakini alikuwa anacheka na kulia pamoja, nusu ya uso ikicheka na nusu iliyokufa ikibaki vile vile, nami nikajikuta namwambia umetoka kidogo kununua machungwa. Tangu siku hiyo kila asubuhi ananiuliza machungwa gani hayo yasiyonunulika. Daktari naye siku hizi akimaliza kumpima anafunga mkoba wake upesi kabla sijamwuliza, na kuomba kutoka.

Basi, ukiipata barua hii panda treni, achana na maonyesho. Ukifika atakushika mkono na kukusifu kwa ajili ya korongo yule, mbele yangu na mbele ya Shangazi Tao. Zipokee sifa hizo, wala usimsahihishe, maana furaha yenyewe ndiyo inayomweka hai. Ila akikusifu, nakuomba usinitazame usoni.

Nisalimie sana wifi, na mtoto mbusu kwa niaba yangu. Majirani wote wanakusalimu. Nakusubiri.

Ni mimi dada yako,
Qiu Wanrong,
aliyemchora korongo