Samahani kwa Mwiko Wako, na Habari za Klachi

Mama Neema, mke wangu mpendwa,

Nakuamkia kwa heshima, na kabla ya lolote nakuomba radhi. Bila shaka ulisikia zile kelele za Alhamisi. Kutoka uani hadi hapo ulipolala kwenye migomba si mbali, na kaka yako Anaeli, kama unavyomjua, hawezi kulegeza nati bila kuifokea. Nilimsihi apunguze sauti kwa ajili yako. Akanijibu, "Shemeji, dada alinisikia nikipiga kelele maisha yake yote. Nikinyamaza leo ndipo atashtuka."

Chanzo ni klachi ya gari letu kuukuu linalovuta kwa magurudumu yote manne. Unakumbuka tabia yangu ya kupumzisha mguu wa kushoto juu ya pedeli, kana kwamba ni kigoda. Nawe, bila hata kugeuza uso kutoka dirishani, ulikuwa ukisema, "Baba Neema, mguu." Ulisema tukishuka sokoni Tengeru, ulisema tukirudi, ulisema hata siku ile tunampeleka Neema kufunga ndoa, mbele ya wasimamizi. Tangu uondoke hakuna aliyesema neno. Mguu ukakaa ulipopenda, na masika haya, kwenye kile kilima chini ya kanisa, klachi ikaungua. Gari lilinguruma, moshi ukapanda, magurudumu yasisogee hata kidogo. Lilirudishwa nyumbani na maksai wa jirani, nami nikiwa kwenye usukani nikiwaomba samahani kila walipopumua.

Habari zikamfikia Neema huko Kimandolu. Alipanda kilima kwa miguu, viatu mkononi, matope hadi magotini, akasema, "Baba, mimi sibishani na wewe. Jumapili nakuja tena. Hilo gari likinipokea pale kwenye lami likanifikisha hapa juu, kaa. Likishindwa, unahamia kwangu. Chumba nimeshapaka rangi."

Siwezi kumlaumu. Nikiugua usiku wa mvua, nani atanishusha? Na chumba ni kizuri, kina hata feni. Lakini dirisha lake linatazama ukuta wa jirani, na la kwetu linakutazama wewe.

Nilimpigia simu fundi mmoja wa Daraja Mbili. Akasema, "Mzee, lilete gari tu." Nikamweleza kwa upole kwamba kama lingeweza kuletwa, nisingekuwa na shida naye. Hapo ndipo Anaeli, aliyetengeneza matrekta ya shamba la kahawa hadi alipostaafu, alipokunja mikono ya shati na kutangaza kwamba tutaifunga klachi mpya hapa hapa uani.

Tulianza kwa sala, kama nilivyolelewa. Nilikuwa bado naiombea mikono ya mafundi wote duniani aliponong'ona, "Fupisha, shemeji, jeki inavuja." Nikafumbua jicho moja, nikaona gari linashuka taratibu, kana kwamba nalo linapiga magoti. Nikasema amina. Tukaweka magogo.

Sasa nafika kwenye jambo zito. Tulipokwisha kuishusha giaboksi juu ya godoro kuukuu, Anaeli alieleza kwamba sahani ya klachi lazima ikae katikati kabisa kabla ya kukazwa, la sivyo giaboksi haitarudi mahali pake. Kuna kifaa maalumu cha kupenyeza kwenye tundu lake la katikati ili kuishikilia. Hatukuwa nacho. Akaingia jikoni kwako bila kubisha hodi. Mpini wa ufagio ulipwaya. Mchi wa vitunguu saumu ulikataa kuingia. Kisha akatoka na mwiko wako mkubwa, ule ambao hukumruhusu hata mama yangu kuugusa. Mpini wake ulikaribia kuenea. Tuliupunguza kidogo, kidogo sana, shingoni. Naomba radhi, Mama Neema. Niligeukia upande mwingine alipokuwa akichonga.

Basi Anaeli akaingia chini ya gari, akanyoosha mikono nimpe sahani, akinionya kwamba upande wenye kitovu kilichotokeza lazima utazame nyuma, kwenye giaboksi. Niliishika vizuri kwa mkono wa kulia nisisahau. Mara akaingia Mama Nderingo, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, amebeba bakuli la loshoro, mahindi yaliyochanganywa na maziwa mgando. Unajua walimu wa misheni walivyotulea: mkono wa kushoto hausalimii mtu. Nikaihamishia sahani kushoto, nikafuta mkono wa kulia kwenye suruali, nikampa. Tukasalimiana. Habari za nyumbani, za watoto, za magoti, za ng'ombe aliyezaa. Kutoka chini ya gari Anaeli akapaza sauti, "Mama, sisi wazima wote, na ng'ombe pia! Mikono yangu tu ndiyo inakufa!" Naye Mama Nderingo, kwa ukarimu wake, akainama kuisalimia miguu yake.

Alipoondoka nikampitishia Anaeli sahani, nisijue kwamba katika kuhama mikono ilikuwa imegeuka. Naye, kwa ganzi aliyokuwa nayo, hakutazama.

Jioni nikakaa kwenye usukani. Nikaweka gia, nikakanyaga pedeli hadi sakafuni, nikawasha. Gari halikungoja ruhusa. Liliruka mbele likabomoa mlango wa banda la kuku. Hakuna aliyeumia, ila jogoo ananikwepa hadi leo.

Anaeli alikuna kichwa, akanihoji hatua kwa hatua, na tulipofika kwenye salamu akaketi matopeni kwa kicheko. "Adabu yako, shemeji, imetugeuzia klachi!" Nami nikacheka, Mama Neema. Tangu tukuzike sikuwa nimecheka kwa sauti. Nilitazama migombani kama anayeomba ruhusa.

Jumamosi tukashusha kila kitu upya. Mama Nderingo akaja kuchukua bakuli lake. Safari hii sikuiachia sahani. Nilimwinamia, nikampa kifundo cha mkono, kama mtu aliyekutwa akila. Akakishika kwa huruma, akauliza nimevunjika lini.

Jumapili nilimpokea Neema kwenye lami. Alikaa kwenye kiti chako, mkoba mapajani, kama wewe. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na kilima cha kanisa kilikuwa kama kimemwagiwa sabuni. Gari likaanza kupanda. Katikati ya kilima, kwa hofu, mguu ukapanda pedeli wenyewe.

Neema alikuwa anatazama dirishani. Hakugeuka. Akasema, "Baba, mguu."

Nikauondoa. Gari likapanda hadi juu.

Uani nilichelewa kushuka, nikisingizia kuitafuta breki ya mkono, ambayo nilikuwa nimeishika. Muda si mrefu sauti ikatoka jikoni: "Baba, huu mwiko umefanywa nini?" Anaeli akakumbuka ghafla kwamba ana mbuzi wa kuhamisha. Neema hakusema waziwazi kwamba nibaki. Alisema tu Jumapili ijayo nimpokee pale pale, na nisichelewe.

Naishia hapa, kwani ng'ombe wanadai majani. Mwiko umerudi ukutani, mwembamba kidogo shingoni. Nitachonga mpya kwa mkono wangu, na huo wako hautaguswa tena. Na nakuahidi kwamba mguu utakaa sakafuni, hata nikiwa peke yangu garini. Pumzika, mama. Kesho asubuhi nitafungua dirisha na kukuamkia kama kawaida.

Mumeo mtiifu, isipokuwa mguu wa kushoto,

Baba Neema