Vitambulisho Vilivyochukuliwa Soko la Mamboleo

MAELEZO YA SHAHIDI
Jina: Magdalene Nyambura Muchiri
Umri: Miaka 46
Kazi: Muuza viazi
Makao: Mamboleo, Kisumu
Tarehe: 14 Oktoba 2026, saa nane mchana

Mimi ni mzaliwa wa Karatina na nimeishi Kisumu miaka kumi na tisa. Kila mwaka wa kura hufunga kibanda na kupanda basi kwenda kwetu hadi mambo yatulie. Safari hii niliamua kujiandikisha hapa hapa.

Leo, saa tatu na dakika kumi asubuhi, mwanamume mwenye beji shingoni alifika kibandani kwangu. Alisema yeye ni karani wa usajili wa wapiga kura na anakusanya vitambulisho vikakaguliwe. Nilimuuliza nitapata changu lini. Akasema, "Wiki mbili, mama." Usajili unafungwa Ijumaa, lakini kwa sababu ya ile beji nilimpa. Moyo wangu haukutulia.

Nilimwona akiingia duka la vifaa vya ujenzi la Gurleen, ambaye ni Mhindi, kisha akaenda kwa akina mama wanaokuja kutoka Sondu kuuza mananasi. Jirani yangu Aoko, mzaliwa wa hapa anayeuza mchele wa Ahero, yule mtu alimpita bila kumwomba chake. Aoko alimwita, akamnyooshea kitambulisho chake.

"Na changu?"

"Wewe huna shida, mama."

"Kwa nini? Hata hujasoma jina langu."

Yule mtu akageuka aende zake. Aoko aliniuliza, "Mama Ephantus, amechukua chako?" Nikasema ndiyo. Hapo alielewa, na mimi pia nikaelewa. Yule mtu alikuwa anachukua vya wale anaodhani si wa hapa.

Mtu huyo aliweka mkoba wake chini ili ajibu simu. Aoko akaukalia. Aoko ni mama mwenye mwili, Bwana Afisa. Yule mtu alivuta mkanda wa mkoba mara tatu, haukusogea. Aoko akamwambia kwa Dholuo, "Bed piny," yaani keti. Watu walikuwa wamemzunguka, akaketi juu ya gunia langu la viazi.

Wanaume wawili walitaka kumpiga. Aoko alikataa. "Hakuna kumgusa. Polisi wamkute mzima, aseme nani amemtuma." Gurleen akapiga simu kituoni.

Tukingoja, mtu huyo alisema kwa hasira, "Hawa wataondoka tu kabla ya kura ya Agosti." Aoko akamjibu, "Akiondoka huyu, viazi nitanunua kwa nani? Kwako? Viazi vyenyewe umevikalia!" Soko zima lilicheka. Mimi nilicheka hadi nikalia, na sijui kilio kilianzia wapi.

Polisi walifika saa nne na nusu. Mkoba ulifunguliwa mbele yetu, ukiwa na vitambulisho ishirini na kimoja. Changu kilikuwemo.

Nimeulizwa kama nitakubali kutoa ushahidi kortini. Nakubali. Siku ya kura pia nitakuwa hapa.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyasikia mwenyewe, na sikulazimishwa na mtu kuyasema.

Sahihi: M. N. Muchiri

Maandishi ya afisa: Nimemsomea shahidi maelezo haya kwa Kiswahili, akayakubali. Kitambulisho kimepigwa picha kama ushahidi na kurudishwa mkononi mwake. Ameondoka saa tisa kasorobo kuwahi foleni ya usajili, akisindikizwa na Bi. Aoko.

Konstebo J. Okello