Sori Uliyonifundisha

Ghorofa ya Tatu, Mlango wa Kumi na Nne,
Nyuma ya Kituo cha Zimamoto.
Jumatano, 9 Septemba.

Mpendwa Kaka Mwalimu,

Shikamoo. Habari za huko, na kile kikohozi cha vumbi la chaki, kimekuachia au bado mnaishi pamoja? Wifi hajambo? Miguu ya mama inaendeleaje? Sisi huku ugenini hatujambo, ila usingizi ndio umetuhama. Mdogo anaota meno, na Kiroboto wangu, aliyetimiza miaka mitatu, hajui kutembea, anajua kuruka tu. Shemeji yako katoka tangu alfajiri, anakusalimu.

Mwandiko usikushangaze. Nimekaa kwenye benchi nje ya ofisi ya meneja, karatasi iko juu ya goti, na goti halitulii. Niliambiwa saa nne, sasa ni saa nne na robo. Nimeshasimama mara tatu kwenda kunywa maji ambayo siyataki.

Acha nikueleze. Unajua nafua mashuka katika nyumba ya kutunzia wazee. Alhamisi iliyopita nilikuwa nasukuma toroli la mashuka safi, nikapinda kona, nikamkuta bibi mmoja, yule tunayemwita Bibi Redio kwa sababu hanyamazi, yuko chini mlangoni pa bafu. Sakafu ilikuwa imelowa. Nani aliilowesha sijui mpaka leo. Niliacha toroli nikapiga magoti, nikamshika mkono, nikawa namwambia sori mama, sori, sori sana, sori.

Kaka, mimi nilikuwa nampa pole. Mtu yuko chini, mkono umeteguka, utamwambia nini kingine? Lakini nyuma yangu alisimama msimamizi, naye akaandika kwenye ripoti kwamba mfanyakazi wa kufua alikiri kosa na kuomba radhi mara nne. Alizihesabu.

Sasa wanataka niitie saini ripoti hiyo, iwe onyo langu. Hiyo karatasi nimekaa nayo siku tano. Baba Kiroboto anasema nisaini yaishe, onyo halimuui mtu. Lakini yeye hajaisoma. Mimi nimeisoma na kamusi mkononi, neno kwa neno, na mstari wa mwisho unasema aliyekiri kosa la namna hii hatafanya kazi tena mahali wanapopita wazee. Na jengo zima ni wazee.

Siku hizi zote nimekuwa nikisimama na kukaa. Naweka chumvi kwenye chai. Namvisha mtoto shati kinyume, namvua, namvisha tena kinyume.

Nimewauliza wenzangu wa chumba cha kufulia. Kila mmoja ana lugha ya kwao, Kiingereza ndicho kinachotukutanisha, na kila mmoja kaja na chake. Dada wa pasi anasema kwao mtu akianguka unamwinua kimya kimya, maneno ni baadaye. Mzee wa mashine ya kukaushia, ambaye Kiingereza kazaliwa nacho, alicheka mpaka akakalia kikapu cha taulo.

"Kumbe," akasema. "Siku ile nilipojigonga kichwa kwenye mlango wa mashine ukaniambia sori, nikaenda nyumbani najiuliza huyu binti mashine aliisogeza saa ngapi."

Akanieleza kwamba kwao mtu akianguka anaulizwa kama yuko sawa. Anaulizwa, kaka. Mtu kalala sakafuni, unamuuliza yuko sawa.

Ndipo nilipojua kwa nini walinzi wa getini walikuwa wakinitazama vile. Mwaka mzima, kila jioni nikitoka, nawaambia sori kwa kazi.

Na nikakumbuka neno hilo nililitoa wapi. Ulikuwa umerudi likizo kutoka chuo cha ualimu, ukaandika kwa mkaa kwenye ukuta wa jikoni: maji, mlango, asante, pole. Mbele ya pole ukaandika sori, ukapiga mistari miwili chini yake. Mama alitufokea sote wawili kwa ajili ya ukuta. Nilikuwa na miaka tisa na nilikuamini kuliko kamusi. Sikulaumu. Au nakulaumu kidogo, kiasi cha barua moja.

Wananiita. Ngoja.

Nimerudi. Ni saa saba, niko kwenye chumba cha kufulia, naandikia juu ya boksi la sabuni, kwa hiyo soma polepole.

Ndani alikuwepo meneja, mama mtu mzima, na msimamizi pembeni yake, na kalamu imeshafunguliwa inaningoja. Nilikuwa nimekariri maneno ya kutosha, yote yakayeyuka. Nikasema tu kwamba sisaini, kwa sababu maji sikuyamwaga mimi.

"Kama hukukosa," msimamizi akauliza, "radhi uliomba ya nini?"

Kiingereza changu ndivyo kilivyo, siku ya shida hakionekani. Meneja akaona tumekwama, akainuka kufuata faili, akajigonga goti kwenye droo iliyokuwa wazi, mlio tukausikia wote. Na mimi, kabla sijafikiri lolote, nikasema sori mama, sori sana.

Meneja kalishika goti, ananitazama mimi, anaitazama droo, ambayo iko upande wake wa meza.

"Na hii nayo umeifungua wewe?"

"Hapana."

"Sasa sori ya nini?"

Hapo Kiingereza kikaja. Nikamwambia, "Kwa sababu imekuuma."

Akakaa. Akamgeukia msimamizi akasema, "Haya, na hizo mbili ziandike."

Msimamizi hakuandika. Meneja mwenyewe akaufuta ule mstari wa kukiri, akaandika kwamba nilimkuta bibi ameshaanguka nikamsaidia, akatia saini yeye kwanza, nami nikafuata. Kazi ninayo, kaka. Ila nimeagizwa neno hilo nisilitumie tena kwa wazee. Niulize kama wako sawa.

Nimejaribu tayari. Nimerudi hapa nimekuta dada wa pasi kaungua kidole, nikamuuliza uko sawa. Akasema hapana. Nikabaki nimesimama kama mtu aliyebisha hodi akafunguliwa akasahau alichofuata. Mwishowe nikamwambia pole, hivi hivi kwa Kiswahili. Hakuuliza maana yake. Alininyooshea kidole nikipulize.

Sasa nina ombi, na sitaki ulifanyie mzaha. Ukifika kwenye pole na watoto wako wa darasa la tano, usiandike sori ukapiga mistari ukaendelea. Acha mbele yake pabaki wazi, uwaambie hilo watalibeba hivyo hivyo lilivyo.

Nisalimie wifi, na shangazi wa cherehani, na mama umpake dawa ya miguu, usimwachie mwenyewe, hupaka goti moja tu. Mungu awafunike wote na akupe kifua chepesi. Mimi leo nikitoka nitapitia chumbani kwa Bibi Redio nimpe pole yake. Akitaka kujua ni nini, nitavuta kiti.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata nikikulaumu,

Mama Kiroboto